Mboga za Jumamosi

Bwana Shamba aliinama, akachuma jani moja la mchicha, akaligeuza huku na huku. Halikuwa na tundu hata moja.

"Mama, unatumia dawa gani?"

"Vidole," akajibu Kokugonza.

Askari wawili wa gombolola, yaani tarafa, waliofuatana na Bwana Shamba wakacheka. Yeye hakucheka. Alilitia lile jani mfukoni mwa shati lake la kaki, akafungua daftari.

Kila alfajiri Kokugonza alipita nyuma ya jiko, kwenye mchicha, mnavu na msusa aliopanda katikati ya migomba, akawatoa viwavi mmoja mmoja na kuwatia katika kigae. Majani yenye vidukari aliyanyunyizia majivu na maji ya pilipili. Tangu afiwe na mumewe, bustani hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na wajukuu wawili.

Sasa ilikuwa imetoka amri. Kila kibanja, shamba la migomba, kilichoko kilimani juu ya Kemondo kitiwe dawa ya unga mashinani, kuua fukusi, wadudu watoboao migomba. Na mboga zake zilikuwa zimeota papo hapo mashinani, ndiyo maana alikataa.

"Kuku wa jirani yangu Anatolia walidonoa fukusi waliokufa kwa dawa yenu," alisema. "Siku ya pili akafukia kuku kumi na mmoja."

"Ule ulikuwa mdondo, Mama."

"Basi mdondo huo ulipiga hodi kwa Anatolia peke yake."

Bwana Shamba aliandika jina la Kokugonza taratibu, akafunga daftari. "Amri si yangu. Utajibu barazani."

Habari zilipoenea, majirani walianza kumkwepa. Walisema fukusi wote wa kilimani watakimbilia kwake, kisha warudi kwao. Hata Anatolia, walipokutana njiani kutoka kanisani, alimwambia, "Dada, ukikataa peke yako watatuona sote wakaidi."

Aliyebaki ni Siti. Huyu alikuwa mwanamke wa mjini Bukoba, wa mtaa wa Miembeni, aliyekuja kila Jumamosi kwa lori la samaki na kununua karibu kila kilichochumwa. Sokoni Bukoba mboga zilikuwa tele. Kokugonza alipomwuliza kwa nini asumbuke kuja huku kote, Siti alitazama chini.

"Nimezika watoto wawili, Mama. Huyu Shamsia ndiye wa tatu, na ndiyo kwanza anatambaa."

Kokugonza hakuuliza tena. Ila alizoea maswali ya Siti, yaliyokuwa yale yale kila mara. Jirani ametia dawa lini? Siku hiyo upepo ulitoka ziwani au bara? Mvua ilinyesha kabla au baada? Kisha alinusa majani, akayafunga katika kanga safi aliyokuja nayo.

Siku ya kesi, picha ya Malkia mpya wa Uingereza ilikuwa imetundikwa barazani, bado inang'aa. Bwana Shamba alisimama chini yake, akaeleza bila kupandisha sauti.

"Dawa hii haina madhara kwa mtu. Nimeishika kwa mikono yangu mwaka mzima, na mnaniona nimesimama hapa. Mboga zikioshwa, zinalika."

Mkungu, mtawala wa gombolola, akamgeukia Kokugonza. "Una neno?"

"Waitu, sijui kusoma," alisema kwa heshima. "Lakini kuku ninawajua."

Watu wakacheka. Hukumu haikuchukua muda: kibanja chake kitatiwa dawa Jumatatu, apende asipende.

Jumatatu wakaja wanaume watatu wenye vitambaa puani. Unga mweupe ulitua juu ya migomba, juu ya msusa, juu ya mnavu. Kokugonza alikaa mlangoni, amewashika wajukuu mikono wasitoke. Bwana Shamba hakuingia. Alisimama kwenye njia, mgongo wake ukielekea nyumba, mpaka kazi ikaisha.

Jumatano usiku ikanyesha mvua kubwa. Asubuhi majani yalikuwa ya kijani kibichi, yamenawiri kuliko siku zote, na unga hauonekani. Kokugonza aliyatazama sana. Keshokutwa Siti angekuja. Angeuliza maswali yake, na jibu moja tu la uongo lingetosha. Chumvi ilikuwa imekwisha. Sabuni pia.

Akawaacha wajukuu kwa Anatolia, akajifunga kitambaa kichwani, akaenda kuomba nafasi kwenye lori la samaki.

Alifika Miembeni jua limeshapanda. Fundi cherehani mmoja barazani alimwonyesha nyumba ya mama Shamsia: ile ya bati, yenye mlango wa buluu. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno. Atamwambia asije tena. Atamwambia kwamba aliyajaribu yote, na kwamba afadhali akose mnunuzi kuliko kumzikisha mtu mtoto wa tatu.

"Hodi," akaita.

Mlango ulifunguliwa na mwanamume aliyevaa shuka na fulana, amembeba mtoto mdogo begani. Nyuma yake, Siti alikuwa amesimama na kanga iliyokunjwa mkononi.

Kokugonza alimtazama yule mwanamume. Alikuwa Bwana Shamba.

Naye akatupa jicho kushoto na kulia kwa majirani, akamvuta mama yule ndani, akaurudisha mlango polepole.

"Mama," akamnong'oneza, "huko kilimani kwenu, hakuna mwingine aliyekataa, tukanunue kwake?"