Umbali wa Hidaya

Siku ya arobaini, kama ilivyo kwa kila marehemu, picha zote za Hidaya zilijifuta, za simuni na za ukutani. Mumewe, Mzee Shekue, alibaki na kamera ya filamu ya marehemu, rangi imechunika pale mkewe alipozoea kuweka kidole gumba.

"Baba, mpige mjukuu wako picha," Zawena alisema, akimwinua mtoto.

Kwenye kioo cha kuchungulia cha kamera mtoto alionekana wawili, naye mzee akasema hivyo. Lenzi ilikuwa bado imelengwa kwenye umbali aliouacha Hidaya alipompiga mumewe picha ya mwisho, na mtoto hakuwa kwenye umbali huo.

"Zungusha lenzi, Baba."

"Siigusi, mwanangu."

Akasogea yeye, taratibu, mpaka watoto wawili wakawa mmoja. Kumbe Hidaya alimsogelea hivi! Karibu hivi, na bado sura ya mkewe ilikuwa imeanza kumtoka akilini.