Kwa Shangazi

Ufadhili ule wa masomo ulikuwa wa watu waliowahi kuugua ugonjwa wa akili wakapata nafuu, wakasomee kuwashika mkono wenzao. Nilijua hivyo kabla sijaingia. Lakini mama aliyenihoji alipouliza, "Mwaka huu uliouacha wazi kwenye fomu, ulikuwa wapi?" mdomo wangu ukajibu wenyewe, kama walivyoufundisha nyumbani.

"Nilikuwa kwa shangazi."

Pazia likavuta pumzi, likaitoa. Chumba kizima kikaelea, kama kiko chini ya maji. Nikajua nimeyakoroga.

Hakuniuliza tena. Alinimiminia chai, akanisogezea kikombe. Nikakishika kwa mikono miwili, vidole vimefumana chini yake, vile tulivyokuwa tukishika kule wodini, dawa zilipotutetemesha. Mikono yangu iliacha kutetemeka siku nyingi. Haijapata habari tu.

Alikitazama kikombe changu, akakitazama weee. Kisha akainua chake. Mikono miwili, vidole vimefumana chini.

"Mdogo wangu," akasema polepole, mvuke ukimpanda usoni, "huyo shangazi yetu, madirisha yake bado hayafunguki?"