Hodi ya Tatu

Siku hizi kitabu hujipinda kumfuata anayekisoma. Jina ni moja, watu ni walewale, ila mwisho kila mtu hupewa ule unaotamaniwa na moyo wake. Ndiyo maana katika kundi letu la wasomaji mtandaoni kusimulia mwisho ni mwiko. Tunapendekezeana na kusifia, basi.

Mimi nimezurura sana, Lubumbashi mpaka Maskati, nikarudi Pangani kwa mke wangu Mwanakombo mvi zimeshanijaa. Kitabu cha msafiri anayerudi kwake nilikipendekeza mimi. Kwangu msafiri alipiga hodi ya tatu, mkewe akaitikia karibu. Nililia, sioni haya kusema.

Leo nimeona Mwanakombo kaandika kundini: "Mwisho mtamu huo! Nimeurudia."

Nikamfuata jikoni, anakuna nazi.

"Mwanakombo, yule mke aliitikia hodi ya ngapi?"

"Mzee wewe! Si mwiko huo?"

"Mwiko wa mtandaoni. Hapa jikoni."

Akacheka, mkono hausimami. "Hodi zilikuwa tatu. Na mtu akifika ya tatu asiitikiwe, adabu yake nini?"

"Adabu yake naijua," nikasema. "Huondoka zake."

"Basi usiniulize," akasema. "Nenda kaniletee ndimu."

Nikaenda. Niliporudi nilikuta mlango umefungwa, na ndani nasikia mbuzi ya nazi bado inakuna. Nimeshapiga hodi mbili. Nimesimama na ndimu zangu mkononi, na ya tatu naogopa kuipiga, isije ikakosa kuitikiwa.