Kufuli Tatu za Choo

Mgeni alikuwa amebana mapaja mbele ya choo kipya cha chemchemi ya maji moto. Nakijwa, mwongoza wageni aliyemleta, alikuwa akibembeleza kwenye simu.

"Bwana afisa utalii, tunaomba ufunguo wako."

"Niko semina, dada. Ya ushirikiano wa wadau. Nitapita jioni."

"Jioni!"

Choo kilijengwa na halmashauri, hoteli na kikundi cha akina mama. Kwa kuwa hawakuaminiana, walikifunga kama sanduku la vikoba: kufuli tatu, kila mdau na ufunguo wake. Sandukuni mna akiba za watu. Humu chooni mtu angeiba nini?

Meneja wa hoteli alishagoma kufungua kabla ya afisa. Ni Mama Namsifu tu, mwenyekiti wa akina mama, aliyekuja mbio. Alifungua kufuli yake, na sasa alikuwa akizilinda zile mbili.

"Tuzivunje, mama."

"Ushirikiano utavunjika, mwanangu."

Mgeni akaanza kukitazama kichaka kilichokuwa juu tu ya maji ya kuogea. Nakijwa akaokota jiwe. Kufuli hakuzigusa, alizipiga bawaba mpaka zikang'oka, na mlango ukafunguka kwa upande usio wake. Mgeni akajitosa ndani.

Mlango ulibaki ukining'inia kwenye kufuli mbili, mzito, ukitaka kuanguka.

"Shika huku, mama!"

Mama Namsifu akaguna, akashika. Wakausimamisha pamoja, nyuso wamezigeuzia kilimani. Simu ikaita mfukoni mwa Nakijwa, ikaita tena, na hakuna aliyekuwa na mkono wa kuipokea.