Ganzi ya Midomo

Tunu alikwenda saluni kufutwa tatuu ya pajani yenye jina la mtalaka wake. Bi Mosi, mwenye saluni, alimpaka dawa ya ganzi paja zima, tena nyingi, akalifunga kwa nailoni ili ikolee.

Punde Tunu akahisi midomo inakufa ganzi na moyo unamwenda mbio.

"Nifungue, Bi Mosi. Dawa imezidi, imeniingia damuni."

"Vumilia, mwanangu. Nikiitoa sasa utaumia tatuu ikifutwa."

"Bora niumie kuliko nife."

Akaichana nailoni mwenyewe, akaifuta dawa yote na kujiosha kwa sabuni.

"Niitie bajaji inipeleke zahanati. Na wewe twende sote."

Akaketi kizingitini, kopo la dawa kifuani ili daktari alisome, akiukazia macho mtaa uliojaa jua.