Kikohozi cha Bi Saumu

Zama hizo sauti ikisharekodiwa ilihama kabisa, na kilichoitoa kikabaki bubu. Mwanahawa, prodyuza wa hausi, muziki wa kucheza unaotengenezwa kwa kompyuta, pale Tanga, alikuwa ameshachukua sauti za mbuzi ya kukunia nazi, cherehani na bawaba za mlango, akazigeuza midundo.

Mama yake, Bi Saumu, alikuwa na kikohozi kisichosikia dawa. Adhuhuri moja alimwambia, "Mwanangu, nichukulie na hiki. Majirani wamenichoka."

"Nitachukua sauti tu, mama. Ugonjwa utabaki."

"Hiyo sauti ndiyo inayonitia haya. Chukua."

Mwanahawa akasogeza maikrofoni, akakinasa kikohozi na kukifanya mdundo wa wimbo. Wimbo ulipotoka, mji mzima uliucheza, na Bi Saumu mwenyewe alitikisa mabega kwa furaha.

Wiki ile ile Mwanahawa alitoka jikoni akamkuta mama yake ameshika kifua, macho yamemtoka, anakohoa bila kusikika. Alimpiga mgongoni mpaka pumzi ikarudi.

"Nimekohoa sana, mwanangu," mama alisema.

"Sikusikia, mama."

Tangu hapo Mwanahawa hufanyia kazi zake sebuleni, ameketi akimwelekea mama yake. Kwa jirani wimbo unapigwa, watoto wanashangilia, naye hathubutu kugeuza kichwa.