Hewa ya Gari Jipya

Gari lilinukia upya, na watoto nyuma walikuwa wakishangilia tangu Mikindani. Mweri alibonyeza kitufe ateremshe kioo apate hewa. Kioo hakikusogea.

"Nimevifunga mimi vioo vyote," mumewe alisema kwa upole, mikono kwenye usukani. "Kiyoyozi kipo, mama watoto. Na kuanzia Jumatatu hakuna tena kuchelewa kurudi na kusingizia usafiri wa matatu. Nitakupeleka kazini, nikungoje nje, nikurudishe."

"Na nikitaka kwenda kwa mama?"

"Twende sote, turudi sote."

Kidole cha Mweri kilikuwa bado kimekandamiza kitufe, ukucha umegeuka mweupe.

Foleni ya Changamwe ikasimama. Mweri akafungua mkanda, akavuta kitasa. Mlango ukafunguka, joto likaingia.

"Wanangu," akasema bila kugeuka, "shukeni."